Taya Lililovimba: Saratani ya Watoto wa Ziwa Iliyoifundisha Dunia Biolojia ya Seli

Mkazi wa Kisumu akisema anampeleka mtoto Russia, hapandi ndege. Anapanda matatu ya Kondele na kushuka kwenye hospitali kubwa iliyo kando ya barabara ya Kakamega, iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa na Rais Jomo Kenyatta tarehe 25 Oktoba 1969. Sherehe za siku hiyo ziliishia kwa risasi na vifo, ndiyo maana hospitali hii hutajwa zaidi katika vitabu vya siasa kuliko vya tiba. Leo jina lake rasmi ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Ina historia nyingine pia, isiyo na hotuba wala magari ya polisi, iliyoandikwa kwa vichupa vya damu na vipande vidogo vya nyama vilivyotolewa kwenye mataya ya watoto.

Madaktari wa Nyanza wanaujua ugonjwa wenyewe kwa kuuona tu. Mtoto wa miaka mitano, sita au saba, ambaye juzi alikuwa akicheza, anaanza kulegea meno ya nyuma. Nyumbani wanadhani ni jino bovu. Wiki mbili baadaye shavu limejaa, ufizi umesukumwa chini na jicho la upande huo limeanza kutoka nje. Kuna watoto wasio na dalili yoyote usoni. Kwao linalovimba ni tumbo, kwa sababu uvimbe umekaa kwenye figo, ini au ovari. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, kasi ambayo saratani chache sana za binadamu huifikia. Kitaalamu ni limfoma ya Burkitt, saratani ya seli B, zile chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake ya kila siku ni kutengeneza kingamwili.

Denis Burkitt, ambaye ugonjwa huu ulipewa jina lake, alikuwa mpasuaji kutoka Ireland ya Kaskazini aliyepoteza jicho moja utotoni. Afrika Mashariki haikuwa ngeni kwake: mjomba wake, Roland Burkitt, alikuwa daktari maarufu Nairobi enzi za ukoloni, na yeye mwenyewe aliwahi kutumika Kenya kama daktari wa jeshi wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Mwaka 1957, akiwa hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliitwa na daktari mwenzake, Hugh Trowell, amtazame mvulana mwenye uvimbe kwenye pembe zote nne za mataya. Burkitt hakuwahi kuona kitu kama kile. Muda mfupi baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja, pale Mto Nile unapoliaga Ziwa Victoria, akachungulia dirishani na kumwona mtoto mwingine ameketi nje na mama yake. Uso ulikuwa na uvimbe uleule. Alipompima, akakuta na tumbo lina uvimbe.

Mtoto mmoja angeweza kuwa ajabu ya siku. Wawili walimfanya Burkitt arudi Kampala na kupekua majalada ya Mulago, na humo akawakuta wengine wengi waliokuwa wameandikwa kila mmoja kwa jina la ugonjwa tofauti, kutegemea kiungo kilichovimba. Mwaka 1958 alichapisha makala yake ya kwanza, na karibu hakuna aliyeishughulikia.

Alichofanya baada ya hapo kinastahili kusomwa na kila mwanafunzi anayelalamika kwamba hana fedha za utafiti. Kwa ruzuku ya pauni 25 alichapisha vipeperushi vyenye picha za wagonjwa na kuvituma kwa hospitali za bara zima, akiuliza swali moja: je, kwenu mmewaona watoto kama hawa? Majibu aliyachomeka kwenye ramani kwa pini. Mkanda ukajitokeza katikati ya Afrika, ukikatika kila palipo na nyanda za juu zenye baridi au ukame. Tarehe 7 Oktoba 1961, yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford walilolinunua kwa pauni 250. Walizunguka wiki kumi, maili 10,000, wakipita hospitali moja baada ya nyingine hadi Afrika Kusini na kurudi. Ramani ilithibitika. Ugonjwa ulifuata joto na mvua, yaani ulikaa mahali panapokaa mbu.

Kabla hata ya safari hiyo, tarehe 22 Machi 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex mjini London. Miongoni mwa waliokaa kumsikiliza alikuwamo mtafiti, Anthony Epstein, aliyekuwa akichunguza virusi vinavyosababisha saratani kwa kuku. Aliposikia kwamba kuna saratani ya binadamu inayofuata hali ya hewa, hakuhitaji kushawishiwa zaidi. Wakakubaliana: vipande vya uvimbe vitakatwa Kampala na kupelekwa London kwa ndege.

Kwa zaidi ya miaka miwili vipande vilisafiri na Epstein hakuona kitu. Desemba 1963, ndege iliyobeba kipande kutoka kwa msichana wa Uganda ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikaelekezwa Manchester. Kichupa kilipofika maabara, Ijumaa jioni, maji yake yalikuwa yamechafuka. Mtu mwingine angekimwaga, kwa kuwa uchafu wa namna hiyo kwa kawaida ni bakteria. Epstein alitia tone moja chini ya hadubini na kukuta si bakteria bali seli za uvimbe zilizojitenga na nyama, zikielea zikiwa hai. Mtikisiko wa safari ndefu ulikuwa umefanya kazi ambayo mikono ya wataalamu ilishindwa kuifanya. Yeye na Yvonne Barr wakazikuza, na Februari 1964 hadubini ya elektroni ikaonyesha virusi ndani yake. Tangazo lao, pamoja na Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, lilichapishwa katika jarida la The Lancet tarehe 28 Machi 1964. Ndicho kirusi cha Epstein-Barr, cha kwanza kabisa kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Barr, ambaye jina lake limo katika kila kitabu cha tiba, alihamia Australia, akakosa nafasi ya utafiti, akaishia kufundisha shule.

Kenya nayo ilikuwa na njia yake ya anga. Katika hospitali ambayo leo ni Kenyatta, Nairobi, mpasuaji Peter Clifford alikuwa akiwatibu watoto hawa kwa dawa badala ya kisu, na kuona uvimbe mkubwa ukiyeyuka kwa siku chache. Clifford alituma sampuli Stockholm, kwa George na Eva Klein wa Taasisi ya Karolinska. Kutokana na sampuli moja ya kijana wa miaka 16, mwaka 1967 zilipatikana seli ambazo hazikufa kamwe maabarani, zikapewa jina Daudi. Hadi leo seli za Daudi zinauzwa na kukuzwa katika maabara za dunia nzima. Zina kasoro ambayo imewafaa wanasayansi: zimekosa protini moja ambayo karibu kila seli ya mwili huivaa juu ya ngozi yake, na kwa kuilinganisha Daudi na seli nyingine watafiti walijifunza jinsi kinga ya mwili inavyomtambua rafiki na adui. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno akifungua katalogi ya maabara ya Marekani leo, ataikuta seli hiyo ya Kenya ikiwa na bei kwa dola.

Ni Stockholm pia ambako kromosomu za uvimbe huu zilianza kusema. Mwaka 1972, Georgi na Yanka Manolov, mke na mume kutoka Bulgaria, waliona kipande cha ziada kwenye kromosomu ya 14. Mwaka 1976 Lore Zech na wenzake walionyesha kimetoka wapi: kimekatika kutoka kromosomu ya 8. Mwaka 1982 maabara za Marekani zikafika kwenye jeni lenyewe. Linaitwa MYC, na huamuru seli igawanyike. Katika limfoma ya Burkitt, MYC imehamishwa kutoka mahali pake na kubandikwa karibu na jeni la kutengeneza kingamwili, ambalo katika seli B huwa linafanya kazi mfululizo. Amri ya kugawanyika haizimiki tena. Mengi ambayo wanafunzi wa chuo kikuu hufundishwa leo kuhusu jeni za saratani yalianzia kwenye nyama iliyokatwa katika mataya ya watoto wa Afrika Mashariki.

Hata hivyo, palibaki tundu kubwa. Werner na Gertrude Henle wa Philadelphia walikuwa wamethibitisha kwamba kirusi cha Epstein-Barr kiko kila mahali: zaidi ya watu wazima tisa kati ya kumi duniani wanacho, na wengi hawajui. Kama mtoto wa London na wa Nandi milimani wote wanacho, kwa nini anayevimba taya ni wa Ahero, kwenye tambarare karibu na Kisumu?

Malaria ilishukiwa mapema. Gilbert Dalldorf, Mmarekani aliyefanya kazi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliona kwamba ndani ya Kenya uvimbe huu unafuata malaria: mwingi kando ya ziwa na pwani, nadra milimani. Upande wa pili wa mpaka, Mara ya Kaskazini nchini Tanzania, inakofika huduma ya hospitali ya Shirati, watafiti waliamua kulijaribu wazo hilo. Kuanzia 1977 hadi 1982 watoto waligawiwa klorokwini mara kwa mara. Ugonjwa ulipungua, ila ulikuwa umeanza kushuka hata kabla ya dawa kutolewa, na kimelea cha malaria kilicho sugu kwa dawa hiyo kikaingia katikati ya jaribio. Waliochapisha matokeo mwaka 1989 waliyaandika kwa tahadhari, na walifanya vyema. Ushahidi wa namna hiyo unaweza kuonyesha kwamba mambo mawili yanatembea pamoja. Hauwezi kuonyesha nani amemshika mwenzake mkono, wala kinachotokea ndani ya seli.

Hapo ndipo Kisumu inapoingia, na inaingia kwa sababu ya jiografia. Ukisimama kwenye mashamba ya mpunga ya Ahero na kutazama kaskazini, ukuta wa milima ya Nandi uko mbele ya macho. Chini, karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mbu wanauma mwaka mzima na mtoto huugua malaria tena na tena kabla hajaanza shule. Juu, malaria huja kwa msimu na miaka mingine haiji kabisa. Ni mwendo mfupi wa gari kati ya sehemu mbili zenye virusi vilevile na malaria tofauti. Mtafiti hawezi kuomba zaidi ya hapo.

Wamarekani wawili, Ann Moormann na Rosemary Rochford, walilitambua hilo mwanzoni mwa karne hii, wakishirikiana na Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, ambayo kituo chake kiko Kisian kwenye barabara ya Busia. Makala yao ya 2005 ilipima wingi wa kirusi katika damu ya watoto wazima wa afya wa Kisumu na Nandi. Watoto wa Kisumu, hasa wa umri wa mwaka mmoja hadi minne, walikuwa nacho kwa wingi zaidi. Hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wakibeba mzigo ambao wenzao wa mlimani hawaujui.

Swali likawa, mzigo huo ulianza lini? Watafiti wakarudi kwa watoto wachanga na kuwafuatilia tangu wiki za kwanza za maisha, wakichukua damu kidogo kliniki baada ya kliniki. Matokeo yalitoka mwaka 2012. Kisumu, zaidi ya theluthi moja ya watoto walikuwa wamekwisha kuambukizwa kirusi kabla ya kutimiza miezi sita, umri ambao kinga waliyopewa na mama bado ilitarajiwa kuwalinda. Na waliowahi kuambukizwa ndio walioshindwa kukidhibiti baadaye. Utafiti mwingine, wa 2009, ulikuwa umegundua kwamba watoto wenye limfoma hii wana upungufu wa seli T, chembe nyeupe za aina nyingine, zinazopaswa kuitambua protini moja tu ya kirusi, EBNA1, ile ambayo kirusi hakiachi kuitumia ndani ya uvimbe. Kinga yao kwa mambo mengine haikuwa na hitilafu hiyo. Ilikuwa imechoka mahali hasa ilipohitajika.

Kipande cha mwisho kinahusu kimeng'enya kiitwacho AID. Kila mwili unapopambana na maradhi, seli B hukusanyika ndani ya tezi na kubadilisha jeni zao za kingamwili makusudi ili zipate silaha kali zaidi. AID ndiyo mkasi wa kazi hiyo: hukata DNA, na seli hushona upya. Kawaida mkasi hutumiwa kwa muda mfupi na kuwekwa kando. Malaria isiyoisha haiuachi upumzike. Mwaka 2014 majaribio maabarani yalionyesha kwamba kimelea cha malaria kiitwacho falsiparamu huamsha AID katika seli B za binadamu. Mwaka uliofuata Davide Robbiani na wenzake wa New York walionyesha kwa panya kwamba malaria ya muda mrefu huzaa seli B zenye kromosomu zilizokatika na kuungwa vibaya, na saratani inayotegemea AID. Na katika damu ya watoto wa Kisumu wenyewe, walipolinganishwa tena na wa Nandi, AID ilikutwa juu kuliko kawaida. Kirusi huifanya seli isife, malaria huifanya ijikate, na siku moja kati ya makato elfu, MYC inahama kromosomu.

Mtu asidhani kila kitu kimekwisha kufahamika. Kama malaria ndiyo chanzo, mtoto aliyerithi jeni la selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu, ambaye hukingwa na malaria kali, angepaswa kukingwa na uvimbe huu pia. Utafiti uliofanywa Kenya na David Mulama na wenzake, uliochapishwa 2014, haukuona kinga hiyo. Utafiti wa Uganda kaskazini wa 2017 uliiona. Wote ni watafiti makini. Halafu kuna mnyaa, ule mti wa utomvu mweupe unaozungushiwa boma nyingi za Nyanza na ambao Waluo huuita ojuok. Maabarani utomvu wake huamsha kirusi kilicholala. Watoto huuchezea kila siku, lakini hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika unachangia kiasi gani, na kung'oa ua wa boma zima kwa shaka tu si ushauri ambao mtu mwenye busara atautoa.

Tangu bei ya kusoma vinasaba iliposhuka, kazi ya Kisumu imeingia ndani zaidi. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya kusoma RNA yote ya vimbe 28 vya watoto wa Kenya. Ilikuwa ikidhaniwa kwamba uvimbe wa taya na wa tumbo huenda ni magonjwa mawili. Jeni zilisema ni kitu kimoja. Kilicholeta tofauti ni aina ya kirusi kilichomo. Virusi vya Epstein-Barr viko vya aina mbili, na mwaka 2020 watafiti haohao, baada ya kulinganisha watoto wagonjwa na wazima, walionyesha kwamba aina ya kwanza ndiyo inayohusishwa zaidi na limfoma. Ya pili, ambayo huko Ulaya ni nadra, imekutwa ndani ya seli T za watoto wa Kenya wasioumwa chochote, jambo ambalo vitabu vya zamani havikulitarajia.

Tazama pia majina yaliyo juu ya makala hizo. Katika zile za miaka ya 1960, Mwafrika ni mgonjwa kwenye picha. Katika hizi za Kisumu wamo Juliana Otieno, daktari wa watoto wa Hospitali ya Jaramogi, Peter Odada Sumba na John Michael Ong'echa wa KEMRI, Kiprotich Chelimo wa Chuo Kikuu cha Maseno, na Cliff Oduor, aliyeongoza uchambuzi wa RNA ndogondogo za uvimbe huu. Si mageuzi kamili. Mashine kubwa na mifuko ya fedha bado viko Massachusetts na Colorado, na sampuli nyingi bado hupanda ndege kama zilivyofanya enzi za Epstein. Ila anayeuliza swali sasa anaweza kuwa mtu aliyezaliwa mahali ugonjwa ulipo, anayejua kwa nini mama wa Nyakach alichelewa wiki tatu kufika.

Kuchelewa huko ndiko kunakoua. Limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa saratani za kwanza kabisa kutibika kwa dawa peke yake. Dawa za saiklofosfamaidi, vinkristini na methotreksati zimetumika tangu zama za Burkitt na Clifford. Katika nchi tajiri, watoto takriban tisa kati ya kumi hupona. Barani Afrika ni kama nusu, na mahali pengine chini ya hapo, kwa sababu mtoto hufika uvimbe ukiwa umeenea, au familia huishiwa nauli na kumtoa wodini kabla dozi hazijaisha. Seli zinazozaana maradufu kwa siku mbili hazimsubiri mtu auze mbuzi. Matumaini ya kuuzuia ugonjwa kabisa yamewekwa sasa kwenye vyandarua na kwenye chanjo ya malaria, ambayo Kenya ilianza kuwapa watoto mwezi Septemba 2019 ikianzia Homa Bay; lakini itachukua miaka kujua kama mataya yaliyovimba yatapungua.

Kwa sasa, mzazi au mwalimu wa chekechea aliye kando ya ziwa ana la kufanya. Mtoto akilegea meno ambayo si zamu yake kung'oka, shavu likijaa bila jino kuoza, au tumbo likiwa gumu na kukua wiki hadi wiki, asipelekwe kung'olewa jino wala kuchanjwa chale. Apelekwe hospitali wiki hiyohiyo, na mzazi aombe uvimbe upimwe.